Mwaka wa Kamera Namba Saba

Simu ilinikuta jikoni kwangu, Gahanna, pembeni ya Columbus, nikiwa na kisu mkononi na kitunguu nusu kimekatwa, ndege ikishuka juu ya paa letu kama kawaida yake. Alikuwa Neema, binti wa Mama Yunisi, kutoka Louisville. Hakuzunguka. "Espe, Mama ametuacha leo asubuhi," alisema. Nilimpa pole, nikamuuliza nani yuko naye, nikamuuliza kama amekula. Nilipokata simu nilikaa kwenye kiti cha mwanangu, na jambo la kwanza lililonijia, nalisema bila kujitetea, halikuwa huzuni. Lilikuwa woga. Mama Yunisi amekufa. Sasa lile neno nitamwambia nani? Nilikuwa nimekaa nalo kooni tangu nilipokuwa na miaka ishirini na moja. Kila Krismasi nilijiambia nitamwambia, kila harusi, kila mara nilipompigia na kumwamkia shikamoo naye akacheka shikamoo yangu ya kambini Tanzania, kwa maana wao kwao Kivu hawana mambo hayo. Nilikuwa naahirisha tu, kama mtu anayeahirisha kung'oa jino.

Mwaka huo mmoja nilipanga chumba cha juu nyumbani kwake, Buffalo, mitaa miwili kutoka Grant Street. Ilikuwa nyumba ya mbao, ngazi zake zililia hata paka akipita, na joto lote lilikaa jikoni, kwa hiyo na sisi tulikaa jikoni. Mama Yunisi alifanya kazi kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya hospitali. Alirudi mikono imenyauka kwa sabuni, akavua viatu, akaweka sufuria ya mawese jikoni kabla hata ya kuvua koti. Ndagala, dagaa wa kwao, alizinunua Grant Street, zile kavu zinazonuka mpaka dukani wanazifunga mara mbili. Alizikaanga na nyanya na pilipili, na harufu ilipanda ngazi, ikaingia kwenye nguo zangu, nikaenda nayo kazini. Nilikuwa na haya nayo wakati ule. Sasa naitafuta Columbus nzima siipati vile. Fufu, ule ugali wa muhogo, aliisonga mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, kwa nguvu, sufuria ameikaba kati ya magoti, huku akizungumza na Mama Furaha, rafiki yake wa maombi, aliyekuwa na gari kubwa la viti vingi na sauti ya kulitosha. Mimi nilikaa pembeni ya friji nikisikiliza habari za watu nisiowajua, nani ameolewa, nani amehamia Kentucky bila kuaga.

Kazi yangu ilikuwa kuangalia dubu. Huwa watu wanacheka nikisema hivyo. Chuo kilikuwa na mradi wa kujua dubu wangapi wanaishi kwenye misitu ya milima iliyo kusini mwa Buffalo, na kwa ajili hiyo walifunga kamera kwenye miti, visanduku vya rangi ya magome vilivyokazwa kwa mkanda. Chochote chenye joto kikipita mbele, kamera inapiga picha tatu, na mtandao wa simu ukipatikana picha zinakuja zenyewe mpaka ofisini. Mtandao ukikosekana zinangoja, halafu zinamiminika zote kwa pamoja. Mimi nilikaa mbele ya kompyuta, na chini ya kila picha kulikuwa na vitufe vitano vya kubonyeza. Cha kwanza, dubu. Cha pili, kulungu. Cha tatu, mnyama mwingine. Cha nne, mtu. Cha tano, hakuna kitu. Hicho kilikuwa cha majani yaliyotikiswa na upepo. Ukibonyeza cha nne, picha inakwenda moja kwa moja kwa mkubwa wangu, Dana, mzungu mwembamba aliyevaa buti zenye matope hata ofisini, naye anawaarifu askari wa msitu. Mahali kamera zilipofungwa palikuwa siri. Wawindaji wakipajua, alisema Dana siku yangu ya kwanza, dubu wamekwisha, na kazi ya atakayewaambia imekwisha pia. Alisema kwa upole, lakini mimi nilikua mahali ambapo mtu mwenye orodha mkononi anaweza kukufuta kwa upole vilevile. Niliogopa tangu siku hiyo.

Na dubu wenyewe niliwaogopa kupita kiasi. Dubu tulimjua kwa jina tu, mnyama wa picha darasani, hatuna kwetu. Sasa alikuwa ananijia kwenye kioo, mweusi, mkubwa, pua imegusa kamera mpaka ukungu wa pumzi unaonekana. Kamera namba saba ilikuwa na jike mmoja mwenye sikio lililopasuka na watoto watatu nyuma yake. Nilimwita Sikio. Nikimuona nilisogeza kiti nyuma, peke yangu ofisini, mchana, kana kwamba angetoka. Dana alicheka, akanieleza kwamba dubu wa huku ni waoga, kelele tu zinawakimbiza, hatari ni jike mwenye watoto akikutwa ghafla, au dubu aliyeshika chakula. Mimi niliyasikia hayo mawili ya mwisho tu. Kambini wanawake walikuwa wanaingia porini kutafuta kuni na wengine hawakurudi, kwa hiyo msitu kwangu haukuwa mahali pa kwenda kutembea.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Mama Yunisi na wenzake walikuwa na desturi ya kufunga na kuomba kila Jumanne, siku yake ya mapumziko. Waliomba kama wanavyoomba kwao, wote kwa mara moja, kwa sauti, wakitembea huku na huku, wakipiga makofi na kulia. Jirani aliita polisi mara mbili. Mara ya pili askari wawili walisimama mlangoni wakimuuliza Mama Yunisi nani anapigwa humu ndani, naye akawa anatafuta Kiingereza cha kuwaambia kwamba hakuna anayepigwa isipokuwa shetani. Jioni ile alisonga fufu kwa hasira.

"Bon, kwetu tuliombeaka ku mulima," alimwambia Mama Furaha. "Unapanda, unafunga, hakuna mutu wa kukusumbua. Huku donc tutaombea wapi? Mu friji?"

Wote wakacheka, na mimi nikacheka, na kwa kuwa kwa mara ya kwanza nilikuwa na jambo la kuchangia kwenye yale mazungumzo, nikafungua mdomo. Nikasema napajua mahali, pale kamera namba saba, ambapo mimi mwenyewe naona kila kinachopita. Uwazi mdogo msituni, majani laini, mawe ya kukalia, kijito karibu, na gari linafika mpaka pale chini. Msitu wenyewe ni wa umma, hakuna kibali.

"Pale bantu banapitaka?" akauliza Mama Yunisi.

"Hapapiti mtu, Mama. Miezi mitatu sijaona mtu hata mmoja."

"Na manyama?"

"Kulungu," nikasema. Kisha nikasema, polepole, "Na dubu, mara mojamoja."

"Dubu ni nini?"

Nilimwangalia, mwiko mkononi, macho yamenikazia kwa tumaini, na sikutaka kumvunja moyo. Sikio na watoto wake walipita pale alfajiri na magharibi, picha zote zilionyesha hivyo. Mama Yunisi na wenzake wangekuwapo mchana. Nikajiambia hakuna ubaya. "Ni kama mbwa mkubwa mweusi," nikamjibu. "Anaogopa watu."

"Basi ni pale Mungu alituwekea," akasema, na akanipakulia samaki wa kwanza, mimi, kabla ya wageni.

Usingizi ukanipotea kuanzia hapo. Nilikuwa nimetoa siri ya kamera, na nilikuwa nimemwita dubu mbwa. Jumanne ya kwanza niliangalia kamera namba saba asubuhi nzima. Sikuona mtu, wala dubu. Waliombea upande wa pili wa mawe. Walirudi wamechoka na nyuso zimenyooka. Jumanne ya pili vilevile. Ya tatu nikaanza kupumua. Hata niliona fahari kidogo, kwamba huku niliko naweza kumpa mtu mahali.

Jumanne ya nne mtandao ulikuwa mbovu mlimani na picha hazikuja asubuhi. Ziliingia saa nane mchana, rundo zima. Nilikuwa peke yangu ofisini. Dana alikuwa chumba cha pili anasafisha betri. Picha ya kwanza ilikuwa kitambaa, kitenge cha bluu na manjano nilichokifahamu, kwa maana nilikianua mwenyewe kutoka kambani Jumapili. Ya pili, Mama Yunisi ameinama chini kabisa ya kamera anaweka mfuko kwenye mizizi ya ule mti. Ya tatu ameinua uso, ananitazama kwenye kioo, mdomo wazi, anasema kitu. Niliujua ule mfuko. Ulikuwa mfuko wa ndagala, chakula cha kufungulia saa tisa. Wakati wa kufunga, chakula hakikai karibu na waombaji. Kinawekwa kando, mbali na macho, ili mwili usikitamani. Nilijua desturi hiyo vizuri, na sikuwahi kuifikiria hata mara moja pamoja na dubu.

Mkono wangu ukaenda wenyewe. Kitufe cha nne kingempeleka Mama Yunisi kwa Dana, na Dana angewaita askari, na askari wangewakuta wanawake saba wanaolia msituni wasiojua Kiingereza, na wangeulizwa nani aliwaleta. Nikabonyeza cha tano. Hakuna kitu. Mara tatu, picha tatu. Kisha yakaja majani. Kisha ikaja mgongo mweusi uliojaza kioo kizima. Kisha watoto watatu, na mmoja ana kipande cha mfuko mdomoni. Kisha Sikio mwenyewe amekaa chini kama mama anayechambua mboga, anakula ndagala, na nyuma yake, hatua kumi hivi, miguu ya binadamu. Picha iliyofuata, Mama Yunisi mzima, alikuwa anatembea akiomba na akatokea nyuma ya jiwe. Sikio amegeuza kichwa. Zote hizo nilizibonyeza cha kwanza, dubu. Picha iliyofuata, Mama Yunisi hamtazami dubu. Ananitazama mimi. Macho yake yako kwenye kamera, wazi kabisa, na mkono mmoja ameunyoosha nyuma kana kwamba anawazuia wengine. Hiyo ilikuwa ya mwisho. Baada ya hapo hapakuja kitu.

Nikabonyeza cha tano.

Nimejaribu miaka hii yote kuieleza ile sekunde. Sikuwaza. Nilitaka tu ile picha iondoke, na kitufe kile ndicho nilichokuwa nimekishika. Uso wake ukaondoka, na kwenye kioo pakabaki maandishi madogo: hakuna kitu. Nikampigia simu, imezimwa. Wakiomba wanazima simu. Nikampigia Mama Furaha, imezimwa. Dana akaingia kuchukua kahawa, akauliza kwa Kiingereza kama kuna lolote leo kwenye namba saba. Nikasema, "Hakuna." Akamimina kahawa yake, akanisifu kwa kufanya kazi upesi, akatoka kwenda kupakia betri kwenye gari. Nikasikia mlango wa nje unafungwa. Sijui nilikaa muda gani. Kikombe changu kilikuwa na chai nusu, na ninachokumbuka ni kwamba niliinuka nikakiosha. Nilikiosha vizuri, nikakifuta, nikakirudisha rafuni. Halafu miguu ikaanza kukimbia, na nilimkuta Dana anawasha gari. Niligonga kioo kwa ngumi zote mbili, nikapiga kelele kwamba mama yangu yuko na dubu. Mama yangu, ndivyo nilivyosema. Hakuuliza swali hata moja, alifungua mlango tu.

Saa moja na nusu ya barabara, na Dana anaendesha huku anaongea na askari wa msitu kwenye simu. Mimi niliangalia dirishani na kila kitu cheusi kilikuwa dubu: magogo, ng'ombe, matairi yaliyotupwa. Nilijaribu kuomba nikashindwa hata kuanza, kwa sababu kila nilipofumba macho niliona yale yake yamefunguka. Nilifikiri nitamwambia nini Neema, aliyekuwa tayari ameolewa Louisville. Nilifikiri nani atamvua kile kitenge. Tulipofika chini ya mlima gari la Mama Furaha lilikuwapo, vioo vyote vimefungwa na vimejaa ukungu, na ndani wanawake wamebanana kama mashuka kwenye gunia. Niliwahesabu. Sita. Nikahesabu tena.

Wa saba alikuwa amekaa nje upande wa pili, kwenye jiwe, mkono wa kushoto ameulaza mapajani kwenye kile kitenge. Ulikuwa umevimba. Alikuwa ameteleza kwenye mizizi akirudi nyuma. Aliponiona aliangua kicheko kilichochanganyika na maumivu.

"Espe! Ile mbwa yako ilikula ndagala yangu yote!"

Nilianguka magotini pake nikalia mpaka askari wa msitu, mwanamume mnene aliyekuja na bunduki na hakuitumia, akanipa maji. Hakumkamata mtu. Aliwaeleza, na mimi nikatafsiri, kwamba chakula hakiwekwi chini msituni, kinafungiwa garini. Mama Yunisi alimshukuru, akambariki kwa Kiswahili, akamshika kichwa kwa mkono mzima uliobaki.

Mfupa wa kifundo cha mkono ulikuwa umevunjika. Miezi miwili hakwenda kiwandani, na mimi ndiye niliyesonga fufu, yenye mabuje, naye akaila na kuisifu. Ule mkono haukupona sawasawa. Kila baridi ilipoanza niliona anausugua chini ya meza. Nimepiga hesabu yangu mara nyingi. Picha zilichelewa, hata kama ningetoka mbio papo hapo ningemkuta vilevile, kwenye lile jiwe, mkono umevimba. Hesabu ni sahihi na haijanisaidia hata siku moja. Dana aliziona picha nne nilizoziandika uongo. Aliniita, akaziweka mbele yangu, akaniambia nizirekebishe, nikabonyeza kitufe cha nne mara nne huku amesimama nyuma yangu. Hakunifukuza. Ila aliacha kuniachia ofisi peke yangu. Na Sikio, akiwa ameshaonja chakula cha watu, alishuka mwezi wa kumi kwenye mapipa ya taka ya nyumba za bondeni, na wakampiga risasi. Dana aliniambia bila kunitazama. Watoto wake niliwaona mara mbili tena kwenye kamera namba saba, wanazunguka ule mti na kunusa mizizi, na nikasogeza kiti nyuma, si kwa kuwaogopa wao. Mwaka ulipoisha niliacha kazi, nikahamia Columbus. Mama Yunisi alipozeeka alikwenda kwa Neema.

Siku ya matanga, nyumbani kwa Neema, mtaa wa Beechmont huko Louisville, viatu vilijaa barazani mpaka kwenye majani. Nilikuwa nimeendesha kutoka Columbus bila redio. Wanaume walikaa uani kando ya majiko ya gesi, wanawake sebuleni kwenye mikeka, watoto ghorofani na Kiingereza chao. Nilipata nafasi karibu na mlango wa jikoni, na harufu ilinipokea kabla ya mtu: mtu alikuwa anakaanga ndagala. Kila aliyetaka alisimama kutoa ushuhuda wa marehemu. Nilikuwa nimejikunja, naomba wanisahau. Ndipo Mama Furaha akasimama, mzee sasa, sauti ileile.

"Miye nitasema ya dubu," alisema, na waliokuwa Buffalo wakaanza kutabasamu. "Siku ile tulikuwa tunafunga. Kulikuwa kawaida mutu moja anabaki kuchunga chakula. Yunisi akasema, leo hakuna mutu atabaki, wote tuombe. Akaenda na ndagala ku ule muti wa kamera. Akaiweka chini yake, akaangalia mule ndani ya kamera, akasema, 'Espe, tuchungie chakula.'"

Wakacheka. Mimi sikuweza. Kumbe ndivyo mdomo ule ulivyokuwa unasema.

"Bon, nyama ikakuya na batoto yake. Siye tukataka kukimbia. Yunisi akanyoosha mukono, akasema, 'Musikimbie. Espe ako anatuona. Ako anatuma bantu.' Akaangalia kamera, hakuangalia ile nyama. Alituliza roho yetu na ile neno. Tukarudi nyuma polepole, polepole, mupaka ku gari, tukakungojea pale. Na kweli, Espe akakuya. Mpaka kufa kwake alisemaka, siku ile sikuogopa, juu mutoto wangu alikuwa ananiona."

Makofi. Mtu akapiga vigelegele. Neema akageuka, macho yake mekundu, akanitafuta mpaka akanipata pale mlangoni. "Da Espe," alisema, "simama basi. Tuambie ulivyomwona Mama."

Ningeweza kusema asante nikakaa. Wote walikuwa wananitazama kwa upendo, na ndicho kilichoniogopesha kuliko dubu yeyote. Nilishika fremu ya mlango. Nyuma yangu mafuta yalikuwa yanachemka kwenye kikaango.

"Kompyuta yangu ilikuwa na vitufe vitano," nikaanza, na nikawaambia kile cha tano kilikuwa cha nini.